Kufungua kifuniko cha i7-4770K: shajara ya mradi, Tudor, Mombasa

Jumamosi, 11 Januari

Naanza na vipimo vya kabla, ili nafuu ikija iwe na cha kulinganishwa nacho. Ni saa tisa alasiri, dirisha liko wazi, feni ya dari inazunguka, na kipimajoto nilichokitundika mbele ya tundu linaloingiza hewa kwenye kasha kinasoma nyuzi 31.5. Prosesa ni Intel Core i7-4770K ya viini vinne. Imekaa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya Z87, na juu yake pana kipozaji cha Cooler Master Hyper 212 EVO chenye feni moja ya milimita 120. Kiwandani ilipangiwa gigahezi 3.5, na kazi ikizidi hujipandisha yenyewe hadi 3.9. Mimi nimeiovakloki, yaani nimeilazimisha kupita kasi ya kiwandani, hadi 4.4 kwa volti 1.25.

Kwenye 3.9, nikikandamiza video kwa programu ya HandBrake, kiini chenye joto zaidi kinafika nyuzi 79. Kwenye 4.4 kinafika 97, na kila baada ya muda kinagusa 99. Ukomo wa prosesa hii ni 100. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na faida yote ya kuipandisha inapotea papo hapo.

Kasi yenyewe naihitaji kwa sababu ya kazi. Napiga na kuhariri video za harusi upande wa akina mama, na Ramadhani ikikaribia kila nyumba yenye mwari inataka kumaliza shughuli kabla ya mwezi kuandama. Video ya kupamba haitoki nje ya chumba changu. Wanawake wamevua mabuibui, wamejiremba, wanacheza kwa raha zao, na mama wa bibi harusi hunikabidhi ile kadi ya kamera mkononi akijua ni amana. Siwezi kupeleka faili hizo kwenye kompyuta ya kukodi mjini, wala kuzipandisha kwenye seva ya mtu nisiyemjua. Kila kitu lazima kimalizikie hapa hapa, kwenye mashine hii. Kwa hiyo ama mashine iongeze kasi, ama wateja wangoje.

Na wakati wenyewe ni wa kaskazi. Hewa ninayompa kipozaji tayari ina nyuzi 31 hadi 33. Kipozaji cha hewa, hata kiwe kikubwa namna gani, hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayopita kwenye mapezi yake, vile vibamba vyembamba vya chuma. Mtu wa Ulaya anayefanya majaribio haya chumbani mwake kwenye nyuzi 20 ana nafasi ya nyuzi 80 kabla ya kufika ukomo. Mimi nina 68. Zile 12 siwezi kuzidai kwa upepo wa Tudor, kwa hiyo lazima nizitafute kwingine.

Jumapili, 12 Januari

Kwingine kwenyewe ni ndani ya prosesa, na leo nimekaa kuliandika jambo hili vizuri kwa sababu ndilo msingi wa mradi mzima.

Watu wengi wanaoshika prosesa hudhani ule mstatili wa chuma wenye maandishi ndio prosesa. La. Ule ni kifuniko, shaba iliyopakwa nikeli, na kazi yake ni kuilinda chipu na kulitawanya joto. Chipu yenyewe ni kibamba cha silikoni kilicho chini yake, na kwa i7-4770K eneo lake ni milimita za mraba 177 tu. Joto linazaliwa humo. Linavuka pesti ya ndani (krimu ya kupitisha joto), linaingia kwenye kifuniko, linavuka pesti ya nje niliyoipaka mimi, linaingia kwenye mabomba ya kipozaji, linapanda kwenye mapezi, ndipo linachukuliwa na hewa. Kila kivuko kinakula nyuzi zake. Sisi wenye kompyuta hushughulika na vivuko vya nje kwa sababu ndivyo tunavyoviona, ilhali kivuko kibaya kuliko vyote kimefungiwa ndani.

Haikuwa hivyo siku zote. Prosesa za Sandy Bridge za mwaka 2011 zilikuwa na kifuniko kilichounganishwa na chipu kwa metali ya kulehemu yenye indiamu, na metali hiyo hupitisha joto vizuri mno. Mwaka 2012 zilipotoka Ivy Bridge, Intel iliacha kulehemu prosesa zake za kawaida ikatia pesti. Haswell, kizazi cha hii 4770K, kilitoka mwaka 2013 kikaendelea na pesti hiyo hiyo. Juu ya hilo, Haswell ilihamishia sehemu ya kirekebisha volti ndani ya chipu, kwa hiyo joto lililokuwa likizaliwa kwenye madabodi likaongezwa pale pale penye viini. Mwaka 2014 i7-4790K ilipata pesti bora kidogo, na ilichukua hadi mwisho wa 2018, ilipotoka i9-9900K, ndipo kulehemu kukarudi kwenye prosesa za daraja hili. Miaka yote ya katikati, wapenda kasi walifungua vifuniko wenyewe. Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana zaidi kwa jina la der8auer, alitengeneza hata kifaa maalumu cha kazi hiyo, Delid-Die-Mate.

Lakini pesti peke yake haibebi lawama yote, na hapa ndipo naona maelezo mengi yanapita haraka. Kifuniko kimegandishwa kwenye kibao cha kijani kinachobeba chipu kwa gundi nyeusi ya silikoni inayozunguka kingo zote. Gundi ile ina unene. Inakiinua kifuniko, na nafasi inayobaki kati yake na chipu inajazwa pesti. Tuseme nafasi hiyo ni milimita 0.1, pesti inapitisha wati 4 kwa kila mita kwa kila nyuzi, na prosesa inatoa wati 120. Ukigawanya hizo wati kwenye milimita za mraba 177, unapata tofauti ya nyuzi 17 kati ya chipu na kifuniko. Sasa acha pesti ile ile, uipunguzie unene hadi milimita 0.03: tofauti inashuka hadi nyuzi 5. Hujabadilisha pesti hata tone, umeondoa gundi tu.

Na hesabu hii bado inaipendelea gundi, kwa sababu imechukulia kwamba joto limeenea sawasawa kwenye chipu nzima. Sehemu kubwa ya chipu ni ya michoro, ambayo kwangu imelala kwa kuwa nina kadi ya grafiki pembeni. Karibu joto lote linatoka kwenye viini vinne vilivyojipanga upande mmoja.

Jumatano, 15 Januari

Kabla ya kugusa kifuniko nimeondoa visingizio vya nje. Nimesafisha mapezi ya kipozaji. Vumbi la hapa likichanganyika na unyevu wa chumvi hung'ang'ania, halitoki kwa kupuliziwa, linataka brashi. Nimefuta pesti ya nje nikapaka mpya. Nimejaribu na ubavu wa kasha ukiwa wazi. Yote kwa pamoja yamenipa nyuzi 1 tu.

Kilichonithibitishia ni kipimo kingine. Multimita yangu ina waya wa kupimia joto, nikaubandika kwenye ubavu wa kitako cha kipozaji, pale mabomba yanapoingia. Prosesa ikiwa kazini kwenye 4.4, kitako kinasoma 57 na kiini cha moto zaidi kinasoma 96. Kitako kinakaa milimita chache tu juu ya chipu, na katikati yake nyuzi 39 zimekwama. Kutoka kitakoni hadi hewani tofauti ni nyuzi 26 tu. Mtu akinishauri ninunue kipozaji cha minara miwili, atakuwa ananishauri nipunguze zile 26 na kuziacha zile 39.

Jambo lingine ni tofauti ya viini: chenye moto zaidi 96, kilicho baridi zaidi 85. Viini vinne vya chipu moja, kazi moja, volti moja, halafu vinapishana nyuzi 11. Nadhani pesti ya ndani imekauka na kusukumwa kando mahali fulani. Nikifungua nitaona.

Jumamosi, 18 Januari

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kufungua.

Kuna njia mbili kuu zisizohitaji kifaa maalumu. Ya kwanza ni wembe: unaupenyeza kwenye gundi pembeni mwa kifuniko, unaizunguka taratibu. Siitaki. Wembe ukienda ndani kidogo tu unakata nyaya zilizolala kwenye kibao, na Haswell ina safu ya vipande vidogo vya umeme kandokando ya chipu, chini ya kifuniko, ambavyo ncha ya wembe inaweza kuving'oa. Ya pili ni jiriwa. Taya moja linabana ukingo wa kifuniko, taya la pili linabana ukingo wa kibao upande wa pili, na ukikaza, kifuniko kinasukumwa kwenda huku na kibao kwenda kule mpaka gundi inakatika. Haswell ina kibao kinene cha kutosha kuvumilia. Prosesa za Skylake za mwaka 2015 na kuendelea zina kibao chembamba zaidi, na kwa hizo ningetafuta kifaa chake.

Jiriwa nimeipata Majengo, kwenye karakana ya ami mmoja anayetengeneza mageti na madirisha. Kwanza nilibeba prosesa iliyokufa ya soketi hiyo hiyo (soketi ni kikalio cha prosesa kwenye madabodi), Pentium niliyopewa bure na fundi wa kompyuta mjini, ili mkono uzoee.

“Salaam aleikum, Ami.”

“Waaleikum salaam, mwanangu. Wataka geti?”

“Sitaki geti, Ami. Naomba jiriwa yako, nusu saa tu.”

Nikamwonyesha. Akaishika Pentium kwa vidole viwili, akaigeuza, akauliza kipi kinatakiwa kwenda wapi. Nilipomweleza akafuta taya za jiriwa kwa tambara, akazikagua kwa kidole kama zina meno, akakata vipande viwili vya katoni akavipachika ili kifuniko kisichubuke. Kisha akanipa neno moja ambalo sikulipata popote niliposoma: “Usikaze kwa bega. Kaza kwa kiganja. Bega halisikii kitu, kiganja chasikia.”

Na kweli. Nilikuwa nimeipasha Pentium kwa draya ya nywele ili gundi ilainike. Mkono wa jiriwa niliushika kwa kiganja, nikaukaza robo mzunguko, nikasubiri, robo nyingine. Unahisi chuma kinasukuma dhidi ya kitu chenye utelezi na ubishi, kama mpira. Ubishi unaongezeka, halafu ghafla unalegea. Hakuna mlio mkubwa. Kifuniko kilikuwa kimesogea kama milimita mbili, na ukingo mmoja wa gundi nyeusi umejitokeza, umechanika katikati.

Ndipo nikatoa 4770K. Kabla ya kuibana nilikagua kwenye picha upande gani wa chipu una ile safu ya vipande vidogo, nikachagua kusukuma kifuniko kwenda upande ambao ukingo wake wa ndani hautavikaribia. Hili ni la lazima. Kifuniko kikisogea milimita mbili upande usiofaa kinaweza kuvifyeka. Draya tena, katoni tena, kiganja. Ilikuwa ngumu kuliko Pentium. Ami alikuwa amesimama pembeni, ameacha kazi yake, hasemi. Ilipolegea yeye ndiye aliyesema “Alhamdulillahi” kabla yangu.

Nimekikamilisha kwa kukizungusha kwa mkono. Kifuniko kimetoka kizima, kibao hakina alama, vipande vyote vipo. Ami alikataa pesa. Nilimwachia chai na mahamri.

Usiku, nyumbani

Nimeikagua chini ya taa ya kamera kwa kioo cha kukuzia. Chipu ni kibamba kirefu chembamba, kinaakisi taa bila mkwaruzo. Pesti ya kijivu imegawanyika sawa: nusu imebaki kwenye chipu, nusu kwenye kifuniko. Mwishoni kabisa upande mmoja ni ngumu, inadondoka unga ukiigusa na kijiti. Upande wa pili bado ina ulaini. Nikilinganisha mpangilio wa viini, ule upande mgumu uko juu ya kile kiini kilichokuwa kikisoma 96.

Gundi nimeikwangua kwa kadi ya simu ya zamani, si kwa chuma. Kazi ya uvumilivu, inatoka vipande vipande. Nimehakikisha haikubaki hata chembe kwenye kibao wala kwenye kingo za kifuniko, maana chembe moja tu inarudisha ile nafasi niliyokuja kuiondoa. Pesti nimeifuta kwa vijiti vya pamba na spiriti mpaka kijiti kinatoka cheupe.

Jumapili, 26 Januari

Metali ya maji imefika: Thermal Grizzly Conductonaut, sirinji ya gramu 1. Ni aloi yenye galiamu, indiamu na bati. Galiamu peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 29.8, yaani mchana wa leo ingekuwa tayari maji kwenye sahani. Ikichanganywa na indiamu na bati inabaki maji hata mahali pa baridi zaidi. Watengenezaji wanaitaja kuwa na uwezo wa kupitisha wati 73 kwa mita kwa nyuzi. Hata ukiipa nusu ya hapo, kwa unene ule wa milimita 0.03 inabaki tofauti isiyofika nyuzi moja.

Ina hatari mbili zinazotaka heshima. Kwanza inapitisha umeme, kwa hiyo tone likiangukia vile vipande vidogo kando ya chipu ni shoti. Pili galiamu huila alumini: hupenya ndani yake ikaifanya ivunjike kwa vidole. Kwenye shaba hupenya polepole na kuacha doa. Nikeli ndiyo inayoistahimili. Chini ya kifuniko cha Intel pana nikeli, kwa hiyo humo ni salama. Chini ya kipozaji changu si salama hata kidogo, kwa sababu Hyper 212 EVO haina sahani ya shaba: kitako chake ni mabomba manne ya shaba yaliyosawazishwa na kubanana, na kinachoyashika pembeni ni alumini tupu. Kwa hiyo metali ya maji itabaki ndani tu, na nje itapakwa pesti ya kawaida isiyopitisha umeme. Pete zangu nilizivua na kuzifungia kabatini, na sahani ya alumini iliyokuwa mezani nikaiondoa.

Vipande vidogo nimevifunika kwa rangi ya kucha, ile isiyo na rangi wala kumeremeta. Mkono mmoja, ukakauka kabisa, kisha mkono wa pili. Brashi yake ni nene mno kwa kazi hii. Nimetumia sindano ya piko, ambayo kwa mstari mwembamba sijaona kifaa cha kuishinda. Rangi ifunike pande zote za kila kipande lakini isipande juu ya chipu.

Metali yenyewe: tone dogo kuliko punje ya ulezi. Ukiliweka tu linajikunja, linateleza kama halitaki kushikana na kitu. Ukilisugua kwa kijiti cha pamba kwa mkono mwepesi, mahali fulani linakubali, na kutoka hapo linatambaa kwenye silikoni na kuwa utando mmoja unaong'aa. Nimefanya hivyo hivyo upande wa ndani wa kifuniko, kwenye mstatili uleule unaokutana na chipu, kwa sababu metali inakutana vizuri na metali kuliko na nikeli kavu. Ziada nimeivuta na sirinji. Kinachotakiwa ni utando. Kidimbwi kikibaki kitasukumwa nje kifuniko kikishuka.

Kurudisha kifuniko kuna jambo lake. Sikutia gundi. Kibao nimekiweka kwenye soketi kwanza, kisha kifuniko juu yake, nikakilenga kwa alama za gundi ya zamani. Fremu ya soketi ndiyo itakayokishika: inakandamiza mabega mawili ya kifuniko, na kifuniko kinakandamiza chipu moja kwa moja bila gundi kukiinua. Lakini wakati wa kushusha ule mkono wa chuma wa kufungia, fremu hukisukuma kifuniko mbele kidogo. Nimekishikilia kwa kidole gumba mpaka fremu ilipouma.

Kompyuta imewaka. Bayosi imeiona prosesa na ramu yote. Kwenye 4.4 na volti zile zile 1.25, chumba kikiwa na nyuzi 31, faili ile ile ya HandBrake, nimeiacha ifanye kazi mpaka joto limetulia: kiini cha moto zaidi 75, cha baridi zaidi 71.

Nyuzi 21.

Jumatano, 29 Januari

Nimerudia vipimo vyote kwa utulivu. Kitako cha kipozaji kinasoma 56, karibu sawa na mwanzo, na ndivyo inavyopaswa: joto linalotoka ni lile lile, ila sasa linapita bila kukwama. Zile nyuzi 39 kati ya kitako na kiini zimekuwa 19. Tofauti ya viini imeshuka kutoka 11 hadi 4.

Kuna faida ambayo hesabu yangu ya karatasini haikuiweka. Programu ya HWiNFO inaonyesha prosesa inatumia wati 117 kwa kazi ambayo mwanzo ilitumia 123, kasi na volti zikiwa hazijabadilika. Transista (swichi ndogo mno za ndani ya chipu) zenye moto huvuja umeme zaidi kuliko zilizopoa, na umeme unaovuja nao ni joto. Ukiipoza chipu, inapunguza yenyewe joto inalozalisha.

Kwa wenye Haswell: msipime kwa programu ya majaribio ya Prime95 ya matoleo mapya mkiwa mmeiacha volteji kwenye hali ya kujirekebisha. Maagizo ya AVX, yale ya hesabu nzito, yakianza, kirekebisha cha ndani huongeza volti juu ya ulizoomba, na utasoma joto la volti usizozijua. Wekeni volti isiyobadilika. Mimi napima kwa kazi yenyewe ninayoifanya, na kwa programu ya Blender nikitaka kuisukuma zaidi.

Jumamosi, 1 Februari

Binamu yangu amekuja kuona, akauliza mbona nimekirudisha kifuniko. “Si ungekitupa, dada, kipozaji kiguse chipu yenyewe?”

Ni swali la haki. Zama za Pentium III na Athlon XP prosesa nyingi hazikuwa na kifuniko kabisa, na kadi za grafiki na prosesa za laptopu ziko hivyo mpaka leo. Ukiondoa kifuniko unaondoa kivuko kimoja kizima. Lakini kwa soketi hii, fremu inashika mabega ya kifuniko. Bila kifuniko haina cha kushika, na inasimama juu kuliko chipu, kwa hiyo lazima uifungue skrubu na kuitoa. Hapo prosesa inakandamizwa kwenye pini za soketi na kipozaji peke yake. Ukikaza skrubu moja kabla ya mwenzake, ukingo wa silikoni unapasuka. Ukilegeza mno, pini hazigusi sawasawa na ramu moja inapotea. Na kipozaji hiki changu ndicho kibaya kuliko vyote kwa kazi hiyo. Chipu nyembamba ingegusa mabomba mawili ya katikati, yale ya pembeni yangekaa bure, na metali ya maji isingeruhusiwa kwa sababu ya alumini. Kifuniko kinalitawanya joto hadi mabomba yote manne. Mwenye kipozaji cha maji chenye sahani nene ya shaba iliyopakwa nikeli ana hesabu nyingine, na ningemtia moyo ajaribu.

Aligusia pia maji ya baridi, friji ndogo kwenye mzunguko. Mombasa hapana. Mwezi huu unyevu wa hapa huanza kufanya matone kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24 au chini yake, na matone hayo yangekuwa kwenye madabodi. Kipozaji cha hewa hakiwezi kushuka chini ya joto la chumba, kwa hiyo hakitoi jasho kamwe.

Jumatatu, 17 Februari

Joto la mwaka limefika. Chumba nyuzi 33 saa nane mchana, umeme umekatika mara moja na UPS imeshika. Kazi ya kupamba ya familia ya Kisauni iko ndani.

Nimepandisha hadi 4.5 kwa volti 1.28. Joto linalozalishwa linapanda na mraba wa volti ukizidishwa na kasi, kwa hiyo hii ni kama asilimia 7 juu ya ile ya 4.4, na kiini cha moto zaidi kinasoma 82. Nimejaribu 4.6, haikutulia mpaka volti 1.35. Ukilinganisha na 4.4, hiyo ni asilimia 22 zaidi ya joto kwa asilimia 4.5 ya kasi, tena kwenye chipu ya 2013 ninayotaka inifikishe mbali. Nimerudi 4.5 na hapo itabaki. Kazi iliyochukua saa nne kwenye kasi ya kiwandani sasa inachukua saa tatu na nusu bila kugusa ukomo, mchana wa Februari.

Metali haijaonyesha dalili ya kusogea. Viini bado vinapishana nyuzi 4. Naamini itadumu, na Sony nao wameitumia kwenye PlayStation 5 tangu 2020, mashine inayosimamishwa na kulazwa na kusafirishwa. Hata hivyo nitapima kila mwisho wa mwezi kwa faili ile ile, na tofauti ya viini ikivuka 8 nitafungua nikague.

Kinachofuata ni i7-4790K ya binamu. Pesti yake ya kiwandani ni bora kuliko ya 4770K, kwa hiyo sitamwahidi nyuzi 21. Gundi ni ile ile. Ami ameshaambiwa, na amesema twende baada ya Alasiri, jua likipungua.